Ukoo wa Miguu Tisa

Haji mwanangu,

Mama yako keshakuhusia habari ya maji ya kunywa, habari ya mbu wa Dar es Salaam, habari ya kufunga mlango wa chumba na kutomwazima mtu shuka lako. Tangu jana namsikia anakurudilia yale yale, na weye unaitika "naam mama, naam mama" huku macho yako yako dirishani. Miye humo simo. Nina jambo moja tu, nimekaa nalo miaka mitatu. Sasa ni alasiri, umekwenda Mwanakwerekwe kumuaga shangazi yako, na kesho asubuhi unapanda meli. Nisiposema leo, basi tena.

Barua sijui kuandika, unajua. Mkono wangu umezoea bisbisi. Nikipotea njiani usinicheke, maana njia yenyewe naiogopa.

Nianze na vali, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio, kwani bila ya vali hutonielewa. Yule bwana wa Kigoa aliyenifunza kazi, kabla hujazaliwa weye, vali zake zilikuwa kubwa kubwa, moja sawa na embe, zina kiuno cheusi. Alizijua zote kwa kuzigusa. Ndipo zikaja hizi zetu, za kioo kitupu, nyembamba, urefu wa kidole, chini zina miguu tisa mfano wa sindano. Nilizipenda siku ya kwanza nilipozitia machoni. Nilikuwa kijana, nikamcheka yule mzee na maembe yake. Nilimcheka mbele ya wateja, Mungu anisamehe. Yeye hakukasirika. Alivuta kigoda chake, akakaa ubavuni mwangu, akasema, "Haya, nionyeshe, Makame." Mtu aliyenifunza kushika chuma cha kulehemu ananiambia miye nimwonyeshe! Nikaona amekwisha, mzee wa watu. Kumbe aliyekuwa hajui kitu ni miye.

Ukoo mmoja ule, nikikwambia hivyo tangu u mdogo. Redio moja wanakaa watano. Mmoja analikamata wimbi, mmoja analikuza, mmoja anaitoa sauti ndani yake, mmoja anaitia nguvu mpaka spika itikisike, na wa mwisho kazi yake ni kuulainisha umeme wa ukutani ili wenziwe wapate kula. Tukawapa majina, unakumbuka? Babu, Bibi, Baba, Mama na Mtumishi. Redio ikiletwa nikikuuliza, "Nani kafa leo?" na weye, hata meno ya mbele huna, unachungulia kwa nyuma unasema, "Bibi, baba. Kichwa chake cheupe." Na kweli. Vali nzima ina ule mng'aro wa fedha kichwani. Ikiingia hewa, mng'aro unakuwa mweupe, na hapo hata mtoto anaona kwamba huyu hayupo tena. Nilikuwa nikifurahi! Nikiwaambia watu barazani, mwanangu atanipita.

Mwaka ule wa mapinduzi weye ulikuwa umetimia miaka kumi na sita, ulikuwa mezani pamoja nami. Kila mtu alitaka redio yake iseme, asiye na redio alikwenda kwa jirani, na jirani redio yake ikiwa bubu aliileta Mkunazini kwa Fundi Makame. Duka lilijaa mpaka nikawa napita ubavu ubavu. Watu walikuwa na khofu, wengine walikuwa na furaha, na wote walinisubiri miye nimalize. Nilijiona mtu mkubwa, sikufichi. Wengine walikuwa wanahesabu jamaa zao, miye nnahesabu redio.

Halafu yule mfanyabiashara aliyekuwa akituletea vali kutoka nje akafunga duka, akaondoka na watu wake. Kabla hajaondoka akaniachia akiba yake yote, masanduku manne. Mama yako akauliza, "Haya yote ya nini, Makame?" Nikamwambia, "Hiki ndicho chakula cha wajukuu zako." Tena nikafanya ujanja. Nikachukua kitambaa na spiriti, nikakaa siku tatu nafuta maandishi kwenye kila vali, ile namba inayosema huyu ni nani. Nia yangu fundi mwengine akiifungua redio niliyoitengeneza miye asijue nimetia nini, mteja arudi kwangu tu. Weye uliniambia, "Baba, na sisi tutajuaje?" Nikakukaripia. Miye nnazijua kwa macho, nikasema. Leo masanduku mawili bado yamejaa chini ya meza, na kati ya vali kumi nikizishika sijui nne ni nini. Nimewafuta majina watoto wangu mwenyewe. Nikilieleza hili kwa watu wanadhani nafanya mzaha.

Na wala hakuna tena anayekuja kuuliza.

Maana ndipo zilipoanza kuingia zile ndogo, za transista. Hakuna kioo, hakuna joto, hakuna kungoja nusu dakika iamke. Unazungusha kitufe, inasema papo hapo, kwa betri, hata shamba kusikofika waya. Watu wa Bwejuu, watu wa Uroa, watu ambao miaka yote walikuwa wakija mjini kusikiliza redio kwenye mkahawa, sasa wanatembea nayo kwapani. Nilizitukana, ulinisikia. Nikisema hii si redio, hii kiberiti kinachoimba. Nikisema itapita. Mteja akiniletea nikimrudisha: "Peleka kwa wauza mikebe." Wakacheka mara ya kwanza. Mara ya pili hawakuja.

Weye hukucheka. Weye ulizifungua kwa siri nyuma ya duka, zile zilizoachwa na wenyewe. Nilikuona. Nilijifanya sikuoni, kwani ningekuona ingebidi niseme neno, na neno lililokuwa halali kulisema lilikuwa moja tu, lile la mzee wangu wa Kigoa. "Nionyeshe." Halikutoka, Haji. Mtu akikushinda katika jambo, hasa akiwa ni mdogo wako, liseme neno hilo kabla mate hayajakukauka. Miye halikunitoka, na matokeo yake ndiyo haya ninayokuandikia.

Siku yenyewe unaikumbuka kuliko miye. Mzee Vuai wa Uroa alikuja na redio yake ya transista ndani ya kikapu cha pweza. Kwa upande wao wa kijiji ilikuwa ndiyo hiyo moja. Watu walikusanyika kwake asubuhi na jioni kusikiliza habari, na zaidi vifo, nani kafa wapi na anazikwa saa ngapi. Nilitaka kumfukuza. Weye ukasema, "Mzee, niachie mimi. Ukirudi kutoka sokoni utaikuta tayari." Ulisema kwa adabu, lakini hukunitazama.

Nilikutazama ukifanya kazi. Nilijitia kushughulika na transfoma, kumbe nnakutazama. Ulimpata mbovu, transista yenyewe, kile kidude cha miguu mitatu, ukatia kizima ulichokitoa kwenye redio nyengine. Na ulipokuwa unalehemu ukafanya jambo ambalo hakuna aliyekufunza: uliushika ule mguu kwa koleo, kati ya risasi ya kulehemea na kidude chenyewe, ili moto uishie kwenye koleo usimfikie. Nikakuuliza, kwa kejeli, "Na hiyo koleo ya nini, unamng'oa jino?" Ukasema, "Hawezi moto, baba. Vali inakula moto, huyu moto unamuua." Ulikuwa umelijua peke yako. Miye miaka ishirini na mitano ya kazi nilikuwa silijui.

Ukaiwasha. Ikasema. Nakumbuka ilikuwa ni kasida, sauti safi, hata ile mikwaruzo ya redio zetu haikuwapo. Ulitabasamu ukaniangalia miye. Kwa mara ya kwanza siku ile uliniangalia. Nikainama kwenye transfoma yangu.

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Ukasema, "Baba, twende." Nikakwambia nenda, miye nitasali dukani. Sikusali dukani.

Redio uliiacha wazi, ulikuwa bado hujaifunga mgongo. Chuma changu kilikuwa moto, kile kikubwa cha kulehemea bati. Nikakaa kwenye kigoda chako. Nikagusa mguu mmoja wa kile kidude, bila ya koleo, nikahesabu mpaka thalathini. Halafu mguu wa pili. Hakikutoa moshi, hakikubadilika rangi. Vali inapokufa inakuonyesha. Kile kilikufa na sura yake ile ile, kimekaa pale pale ulipokiweka. Nikarudi mahali pangu.

Nimeliandika. Nilidhani mkono utakataa, haukukataa.

Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza miye hata nimechoka. Wakati ule nilijiambia nakufunza, usijione umeshafika, urudi kwenye kazi yenye adabu yake. Uongo. Nilikuonea kijicho. Baba anamuonea kijicho mwanawe, tena aliyekuwa akiringa kwa watu kwamba atampita. Ulipokuwa unanipita kweli nikakutia mguu uanguke.

Ulirudi msikitini, ukafunga mgongo wa redio, skurubu nne, hukuiwasha tena kwa kuwa uliijua inasema. Mzee Vuai akaja mbio, gari la shamba linangoja Darajani. Akazungusha kitufe. Kimya. Akazungusha tena. Ukaipokea mikononi mwake, ukatikisa, ukabadilisha betri, jasho linakutoka. Ukanigeukia. "Baba, si ilisema? Si uliisikia baba?"

Nikakujibu, "Miye sikusikia kitu."

Ule moto nilikitia kidude, lakini hili nilikutia weye. Sijui ipi kubwa, nadhani hili. Nilikuona uso wako ukigeuka. Nilikuona unaanza kujiuliza kama kweli iliimba au ulisikia ulilotaka kulisikia. Ukamwomba mzee akuachie mpaka kesho, na miye nikadakia, "Mpe mtu kitu chake, usimkoseshe gari." Akaondoka na redio bubu ndani ya kikapu.

Dada yake, Bi. Mize, alifariki Donge siku ya tatu yake. Ilitangazwa redioni asubuhi, akazikwa baada ya laasiri. Upande wao wa Uroa hakuna aliyesikia. Khabari ilimfikia Mzee Vuai kwa miguu ya mtu, maiti ana siku mbili chini ya ardhi. Ndugu wa tumbo moja, hawakuwa na mwengine.

Alikuja dukani. Barazani palikuwa na watu, wanakunywa kahawa. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga kelele. Alikushika mikono yako miwili akaigeuza, viganja juu, akasema, "Mikono hii, kijana. Sikumtia dada yangu hata konzi ya mchanga kwa sababu ya mikono hii." Kisha akaenda zake. Miye nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nikasema, "Bwana, mpeni mtoto maji."

Jioni ile ulikiweka chuma chako ndani ya droo, na hujakishika tena. Miaka mitatu. Umebeba magunia bandarini, umechukua maji kwenye nyumba za watu, umeuza mbata. Watu wakiuliza mbona Haji kaacha ufundi, wengine walinijibia: hana mikono ya kazi ile. Na weye ulikuwapo, ukaitika kwa kichwa. Nami nikaitika. Sasa unakwenda Bara kupakia magunia kwenye ghala la mtu, ukasumbuka miezi kutafuta ruhusa ya safari, kwa kazi ambayo hata punda hajaombewa ruhusa. Unasema unakwenda kutafuta maisha. Nnajua unachokikimbia. Huwezi kupita barazani ukaona mtu kashika redio.

Mama yako anajua. Aliniletea chakula adhuhuri ile ile, akasimama mlangoni na kawa mkononi, akaniona nimekaa kwenye kigoda chako na chuma kimetulia ndani ya redio uliyokwisha kuitengeneza. Hakuuliza. Baada ya matanga ya yule bibi akaniambia, "Utamwambia lini?" Nikasema nitamwambia. Kila Ramadhani inapoandama huniuliza vile vile, hana neno jengine: "Utamwambia lini, Makame?" Juzi alipokuwa anakunja nguo zako hakuniuliza. Nikajua kwamba kakata tamaa na miye. Usimlaumu. Alikuwa ananingoja niwe mtu.

Wiki mbili zilizopita niliposikia safari yako imethibiti, nilipanda gari nikaenda Uroa. Nilisema nitaanza na Mzee Vuai, nimwambie kwa kinywa changu, nimlete mjini, aje akwambie weye mwenyewe kwamba anayarudisha maneno yake. Nililipanga vizuri. Nimefika, binti yake akanitandikia mkeka. Mzee kafa, mwaka unakaribia kutimia. Alitangazwa redioni, akaniambia, hukusikia fundi? Sikusikia. Nilikaa pale, akanipikia wali na samaki, nikala. Nilikula chakula chao, Haji, na sikusema. Alipokwisha kuondoa vyombo akanionyesha rafuni ile redio, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa. Akauliza kama naweza kumtengenezea, ingawa ni ya zamani. Nikamwambia, "Mwanangu, transista siijui. Sijapata kuijua." Ndiyo mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa sauti. Akasema basi iache tu, ni ukumbusho. Nikarudi mjini na gari la jioni, kinywa kimefungwa kama kilivyokwenda.

Kwa hivyo hakuna wa kukufutia neno lile. Aliyekutamkia yuko kaburini. Watu wa baraza ile nusu wametawanyika, nusu hata hawakumbuki, kwao lilikuwa jambo la asubuhi moja. Ningepita mtaani sasa hivi nikalitangaza lisingekurudishia hata siku moja ya miaka hii mitatu. Na hizi redio nazo hazingojei mtu. Nasikia zinakuja nyengine ambazo kidude kimoja ndani yake kimekusanya kazi ya vidude kumi. Ungekuwa nazo mezani sasa. Umri wako ndio umri wa kujifunza, na miye niliuchoma kwa kuhesabu mpaka thalathini mara mbili. Sikuandikii ili urudi kwenye ufundi. Nadhani hutorudi, na sina uso wa kukuomba. Nakuandikia kwa kuwa unaondoka ukiamini jambo la uongo juu ya nafsi yako, na aliyelisema ni miye.

Ilisema, Haji. Niliisikia. Ilikuwa inasema vizuri kuliko redio yoyote niliyopata kuitengeneza.

Nilipoianza barua hii nilikusudia kuitia chini ya begi lako, ndani ya kanzu ya Ijumaa, uikute umeshafika kule. Niseme kweli: nilitaka uisome mahali ambapo huwezi kuniangalia. Nikajiona namna nilivyo mwerevu hata katika kutubu. Kisha nikafikiri asubuhi itakavyokuwa. Utaoga, utavaa, utakuja hapa nilipokaa, utapiga magoti kama wanavyofanya watoto wanaosafiri, utanibusu mkono, useme, "Baba, niwie radhi." Utaniomba radhi miye. Nami niitike, nikuwekee mkono kichwani, nikuombee dua, huku barua imefichwa nguoni. Nimetenda mengi, lakini hilo siliwezi.

Basi nitakupa mkononi, leo, ukirudi tu kwa shangazi yako, jua halijatua. Isome hapa nyumbani. Usiku mzima uko mbele yako kabla ya meli, na mlango haufungwi kwa ufunguo. Ukitaka kunijibu, nijibu. Ukitaka kunitukana, nitakaa nisikilize, na mama yako nimeshamwambia asiingilie. Ukitaka kulala kwa shangazi yako na kwenda bandarini moja kwa moja bila ya kupita kwangu, nenda. Sitokuja kukutafuta gatini mbele ya watu ili uone haya unipe mkono.

Na asubuhi ukija, usipige magoti. Radhi zangu unazo, hujapata kuzikosa hata siku moja. Ninayeziomba ni miye, na sina haki ya kukuharakisha.

Baba yako,
Makame